Kitabu cha Sita cha Malango ya Mbwaa

Laare, Meru
Jumapili jioni

Dada yangu Tabby,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku Laare, nikiamini kwamba baridi ya Embu haijakurudishia kile kifua chako, na kwamba wanafunzi wako wamekuachia angalau sauti ya kutosha kusema asante ukishakunywa chai. Sisi tu wazima. Mama ameutupa mkongojo, anakwenda kanisani kwa miguu yake na kurudi na habari za kila mtu, pamoja na za wale ambao hawakuwepo. Anauliza mbona siku hizi hupatikani kwa simu Jumamosi. Nilimwambia walimu wana kazi nyingi. Gereji yangu nayo haijambo. Mvua zikinyesha, pikipiki za wabeba miraa huharibika matopeni, na zikiharibika mimi nala, Mungu anisamehe.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu wakati simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza. Tena kwa simu ungeisikia sauti yangu, na kwa sasa sitaki uisikie. Kaa chini usome polepole, wala usirukie mwisho, maana nakujua.

Habari yenyewe ni ya Malango ya Mbwaa. Usigune. Kitabu cha kwanza nilikupatia mimi, nilikinunua sokoni Gakoromone kwa muuza vitabu aliyekuwa ametandaza chini karibu na wauza maparachichi. Ukaniambia huna wakati wa hadithi za mapanga na mazimwi, kisha ukaingia nacho jikoni na uji ukaungua hadi jirani akaja kuuliza. Naliandika hili waziwazi lisije likasahaulika. Aliyeanza ni mimi.

Na mateso nimeyapata mimi. Kitabu cha tano kilituacha na Malkia Ciakuthii mbele ya lango la mwisho, upanga umevunjika, mtoto wake yuko mikononi mwa adui, theluji inaanguka. Basi. Ukifungua ukurasa unakuta tangazo la mchapishaji. Tangu siku hiyo mimi nimeoa, nimezaa, nimefungua gereji, nimeota mvi, na mama wa watu bado amesimama kwenye theluji. Mzee Kaimenyi, mwandishi wetu, alisema kitabu cha sita na cha mwisho kitatoka Krismasi, wala hakutaja ya mwaka gani. Tulichopata ni kitabu cha vitendawili vya watoto, halafu kijitabu cha kutunza migomba. Migomba, Tabby! Kwenye jalada amesimama katika shamba lake la Mitunguu, maji ya mfereji yanapita miguuni, amekumbatia mkungu kama mtu aliyepewa mjukuu. Niliuonea wivu ule mkungu, na sioni haya kukuambia. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Sisi tumevumilia, mbivu anazila yeye.

Wivu wangu haukuishia kwa ndizi. Unamkumbuka Kiogora jirani yetu, niliyekuwa nikimwazima vitabu? Alifariki akiwa amemaliza kitabu cha tatu, kabla Njura mpiga pembe hajapotea msituni. Siku ya mazishi watu walikuwa wakilia, nami nikawaza kwamba bwana huyu ameondoka akijua Njura yuko salama na pembe yake begani. Nikamwonea wivu ndani ya jeneza.

Lakini aliyenichoma zaidi ni Gitobu. Huyu ni kijana wa Imenti, si wa kwetu Igembe, anayeuza viatu vya mitumba pale Gakoromone, na ndiye msimamizi wa kundi letu la WhatsApp la wasomaji. Alivisoma vitabu vyote vitano msimu mmoja wa mvua, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayekula karanga. Hakungoja hata siku moja. Hakuteseka. Halafu anakuja kutufafanulia sisi tuliozeeka tukingoja, anaandika eti hii stori ni moto, wasee, mzee ako na kitu anatupikia. Watu wanampigia makofi. Nikiandika mimi jambo la maana kuhusu ukoo wa Ciakuthii, naambiwa niache kulalamika.

Basi nikatoa wazo. Wazo lilikuwa langu, ingawa kundini linaitwa la Gitobu. Nilisema Mzee Kaimenyi ni mzaliwa wa Igembe kama sisi, alihamia Mitunguu kwa ajili ya maji tu, na mzee wa Igembe haendewi mikono mitupu. Ukiwa na ombi zito unampelekea mzigo wa miraa uliofungwa kwa jani la mgomba, na hata kama ni mtu wa kanisa asiyetafuna, akishaufungua amekubali kukusikiliza na hana ruhusa ya kukuzungusha. Wewe wayajua haya, lakini wenzetu wa mjini ilibidi wafundishwe. Wakashangilia. Kisha, dada, wakamchagua Gitobu aubebe. Mimi mwana wa Mithika, niliyekulia juu ya mti wa miraa, nikaambiwa nimsindikize.

Gitobu akapanda hadi huku Laare kuutafuta mzigo mwenyewe. Hakuja gereji kuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa wafungaji wa miraa, akaona mmoja mkubwa uliopendeza umewekwa kando, akawasihi mpaka wakamwachia. Akautia ndani ya mfuko mweusi, na njia nzima kupitia mjini Meru hadi Mitunguu hakuniruhusu kuugusa. Alisema nitauharibu kwa mikono yangu ya grisi.

Sijui kama wewe umewahi kufika nyumbani kwa Mzee Kaimenyi. Ni nyumba ya mawe yenye veranda, migomba imeikaba pande zote. Mkewe alitukaribisha vizuri, akatuletea chai na nduma za kuchemsha. Mzee akatoka amevaa koti na kofia ya sufu katika lile joto la Mitunguu, mwembamba kuliko picha zake. Gitobu akapiga hotuba aliyoikariri, akautoa mzigo mfukoni, akauweka mezani kwa mikono miwili.

Nilipouona ulivyofungwa nilitamani ardhi inimeze. Ulikuwa ncoolo, Tabby. Mzigo wa kuposea. Kuna mtu huku Laare alikuwa ameuagiza apeleke kwa wakwe, na Gitobu ameulipia akauchukua kwa sababu ya ukubwa wake. Mzee aliutazama, akaugeuza, akacheka hadi akakohoa. Akauliza ni nani kati yetu anayetafuta mke. Akasema binti zake wote wameshaolewa, na msichana anayeingia nyumba ile siku hizi ni mmoja tu, yule wa Jumamosi anayetoka Embu, na huyo yeye hawezi kumwoza kwa sababu si wake, ana kwao.

Gitobu alikuwa mwekundu kama nyanya, asijue kama aombe msamaha au aombe jina la msichana. Mimi nilicheka, mjinga mimi. Nilicheka kwa sababu nilimwona Gitobu ameaibika, na hilo peke yake lilinilipa nauli. Mzee akasema makosa ya vijana si hoja, akalifungua lile jani, akatuuliza kwetu ni wapi. Niliposema mimi ni Mwongera wa Mithika wa Laare, akamwomba mkewe amtembeze Gitobu shambani, aone ndizi. Gitobu akaondoka mbio na simu mkononi, kupiga picha za kututambia kundini. Mzee akanikaribia akaniuliza kama mimi ni ndugu yake Tabby.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekwenda kukuposa, dada.

Sasa nakueleza aliyoniambia, nawe utaniambia kama ameongeza chumvi. Alisema ameshaufungua mzigo, kwa hivyo hana budi kunijibu ukweli. Kitabu cha sita hakitoki kwa sababu amekisahau. Mwanzo anao wote. Alinitajia farasi wa kitabu cha kwanza mmoja mmoja na rangi zao. Lakini jinsi hadithi ilivyopaswa kwisha imemtoka, ikamtoka na mengine mengi, na tulipokuwa tukizungumza aliniuliza mara mbili kama nimepewa chai, nayo nilikuwa nimeishika. Alisema wewe ulifika kwake siku moja kumlaumu kama sisi, ukamkuta hivyo. Ukaanza kumkumbusha hadithi yake. Kumkumbusha kukawa kumwandikia anayotamka, na yeye alipokosa la kutamka, ukaendelea mwenyewe. Akakuapisha usimwambie mtu, kwa sababu anaona haya. Kisha akasema, bila haya yoyote, kwamba hasira ya Ciakuthii unaiandika vizuri kuliko alivyoiandika yeye.

Sijawahi kuumwa na neno kama nilivyoumwa na hilo. Kila Jumapili nimekupigia simu kukulilia, nawe unaguna tu, unasema pole Mwongera, mwandishi ni binadamu. Pole! Ulikuwa umetoka kwake jana yake! Ulikuwa unajua kama Njura yuko hai, na mimi nakisia kama kipofu. Siwezi kukudanganya kwamba nilifurahi kwa sababu ni ndugu yangu. Nilikasirika. Nilijiuliza kwa nini wewe, kwa nini si mimi niliyekipenda kwanza, na jibu nililijua, ndilo lililoniuma zaidi: mimi miaka yote nimelalamika, wewe ulipanda gari ukaenda. Mzee aliona sura yangu imebadilika. Akadhani nitafurahi akinidokezea alipo Njura. Nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili, mbele ya mzee wa watu, kwa sababu sikutaka kusikia maneno yako kupitia kinywa cha mtu mwingine.

Hapo ndipo aliponituma kwako, na huu ndio moyo wa barua yangu. Anasema umechelewa mno. Analalamika, Tabby, analalamika kunishinda. Anasema unamkatizia pabaya makusudi, kwamba Jumamosi uliyotoka kumsomea ulimwacha mtoto wa malkia ameshika komeo la lango, ukafunga tarakilishi ukaenda kuwahi gari. Anasema siku hizi yeye ndiye msomaji, anaingoja Jumamosi kama sisi tulivyomngoja yeye, na sasa anaelewa kwa nini tulimtukana. Tukacheka wote wawili. Halafu akanishika mkono akaniuliza jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Alisema siku moja Jumamosi itafika naye hatamkumbuka yule mtoto ni wa nani. Akauliza, mtoto akipita langoni siku hiyo, yeye atafurahia nini?

Sasa sikia ninalokiri. Ujumbe huo nilipaswa kukufikishia siku ileile. Nimekaa nao hadi leo, na Jumamosi zimepita. Nilijiambia natafuta nafasi, lakini nafasi ilikuwepo. Ukweli ni kwamba nilijua ukiupata utaharakisha, na ukiharakisha yeye atausikia mwisho kabla yangu. Nimemwonea wivu mzee anayepoteza akili zake, dada. Jana nikiwa chini ya pikipiki ya mtu nikamkumbuka alivyonishika mkono, nikashindwa kufunga nati moja. Nikaja nyumbani kutafuta karatasi.

Najua kwa nini unakwenda polepole. Unatuogopa sisi. Unaogopa siku kundi litakapojua kwamba aliyeandika si Mzee Kaimenyi, na Gitobu na wenzake watakaposema umeharibu. Waache waseme. Mimi mwenyewe pengine nitasema, unanijua ulimi wangu. Lakini usimwandikie Gitobu, wala mchapishaji, wala mimi. Mmalizie yeye. Sentensi zikiwa hazijanyooka msomee hivyohivyo, utazinyoosha baadaye. Mtoe Ciakuthii kwenye theluji Mzee angali anajua huyo ni nani. Mimi usinidokezee lolote, si kwa simu wala ukija Krismasi, hata nikikuomba, na nitakuomba. Mimi nitangoja kitabu.

Mama anakusalimu, sijamweleza kitu. Mke wangu Gatakaa anasema ule mchele wa Mwea uliotuma umetufaa sana. Watoto wanakuamkia. Gitobu hajui lolote ila anauliza kila siku kuhusu yule msichana wa Jumamosi wa Embu. Nimemwambia nimesikia ni mkali na ana meno makubwa.

Barua hii namkabidhi Mako, anayepeleka mizigo Embu, akuwekee mkononi kesho. Kwa hivyo una wiki nzima. Jumamosi hii nenda mapema, Tabby.

Ndugu yako,
Mwongera