Lugha ya Omwenga Haina Wanafunzi

Mpendwa Mama Marcella,

Naomba msaada wako, na naomba usilichape jina langu gazetini, kwa maana mimi ni mtu anayejulikana hapa Mogogosiek na hata Kapkatet, na jambo lenyewe ni hili: mwaka wa 1969 kampuni yetu ya chai ilileta mashini ya kuhesabu iitwayo kompyuta, kubwa kama kabati tatu za nguo, ili itupangie shamba gani lichumwe siku gani, na kwa kuwa mashini hiyo haisikii Kiswahili wala Kiingereza bali hufuata amri zinazotobolewa kwenye kadi, na kwa kuwa lugha ya amri waliyokuja nayo mafundi wa Nairobi niliiona ina maneno mengi ya bure kama mlevi anayeaga, mimi nilikaa chini nikatunga lugha yangu mwenyewe ya kuiamuru, nikaiita Omwenga Pili. Omwenga Kwanza haikuwako, lakini Pili inaonyesha maendeleo.

Mama, lugha hii ni tamu. Kazi ambayo lugha ya Nairobi huifanya kwa kadi arobaini mimi huifanya kwa kadi tisa, kwa sababu badala ya maneno marefu natumia namba za mashamba yetu: ukitaka mashini ijumlishe unatoboa 14, kwa kuwa shamba namba 14 ndipo trekta zote zilikuwa zikikutana na majani, ukitaka irudie kazi unatoboa 6, kwa kuwa barabara ya namba 6 inazunguka na kukurudisha ulipotoka, na ukitaka isimame unatoboa 31, kwa kuwa pale ni msitu na huwezi kuendelea, hivyo mtu yeyote aliyetembea shamba hili mwaka wa 1958, kabla wazungu hawajabadilisha namba, ataielewa kwa siku moja.

Shida yangu ni kwamba hakuna anayekuja kujifunza. Rafiki yangu Kebaso, ambaye peke yake aliijua vizuri, tuligombana kama mstari wa kwanza wa michai uhesabiwe moja au sifuri, akaenda akatunga lugha yake iitwayo Kebaso Tatu, na sasa hatuamkiani. Mwaka huu nilibandika tangazo kwenye ubao wa ofisi, vijana saba wakaja, nikawapa kitabu changu cha kurasa mia mbili na kumi na mbili nilichokiandika kwa mkono, nikawaambia wakariri kwanza ramani ya zamani kwa miezi minne ndipo waamuru mashini, na mtu akiigusa kwa siri na kukosea kadi moja mashini huchapa neno HAPANA tu, haisemi kosa liko wapi, maana nimeipanga hivyo makusudi, mtu mwenye akili hujua kosa lake. Wakabaki watatu.

Mmoja wao ni Sally Chepkemboi, msichana wa Silibwet wa miaka ishirini na mbili, na huyu nakiri ana kichwa, lakini sikiliza alichofanya: bila ruhusa aliandika karatasi moja, ukurasa mmoja tu, akatoboa kadi chache akaziweka mbele ya kadi zangu ili mtu aweze kuandika JUMLISHA na RUDIA na SIMAMA, na mashini yenyewe ibadilishe kuwa 14 na 6 na 31, akawafundisha wale vijana wawili asubuhi, na mchana wakawa wamechapisha zamu za kuchuma za wiki nzima. Niliingia nikawakuta wanacheka. Sikuwahi kusikia mtu akicheka ndani ya chumba kile. Nikaichukua ile karatasi nikairarua mbele yao, nikasema lugha yangu si ya watoto wa nasari.

Sally hakulia. Alisema, "Mzee, mashini inaniambia hapana, nikikuja kwako pia naambiwa hapana. Sasa mimi nitafunzwa na nani?" Akafunga sweta yake akaenda, na wale wawili wakamfuata.

Sasa mkuu wetu wa ofisi, Bwana Kipyegon, amesema kwamba ikifika tarehe 31 Agosti na hakuna mtu mwingine katika kampuni anayeweza kuandika Omwenga, mashini itarudishiwa lugha ya Nairobi, na kadi zangu zote, droo ishirini na mbili, zitapelekwa kiwandani zikawashe boila. Sally naye amepata nafasi ya kusomea hiyo lugha ya Nairobi, anaondoka Jumatatu tarehe 22. Mke wangu Nyatichi ananiambia nimejitakia, lakini yeye nilipojaribu kumfundisha alisinzia kwenye ukurasa wa tatu. Naumia, Mama. Miaka minane ya maisha yangu imo ndani ya droo zile. Je, niiombe kampuni iwalazimishe vijana, au nitunge Omwenga Nne iliyo fupi zaidi?

Mimi nisiyethaminiwa,
Mogogosiek

*

Ndugu Omwenga,

Umeniomba nifiche jina lako, na wewe mwenyewe umeipa lugha jina hilo. Ningelifuta, barua isingesomeka.

Pole. Nasema pole kwa moyo, maana kazi ya miaka minane si kuni, na ninaamini kabisa kwamba kadi zako tisa zinafanya kazi ya arobaini. Sasa keti nikukemee.

Mimi mashini siijui, lakini chai naijua, niliichuma miaka minne karibu na Kapkatet kabla sijashika kalamu. Siku ya kwanza nyapara hakunipa kitabu. Alinipa kikapu, akaniweka katikati ya wanawake wawili wazoefu, na yule wa kushoto akanionyesha majani mawili na chipukizi lake, nami nilipochuma jani gumu alinipiga kibao cha mkono akaniambia hili acha, limekomaa. Saa sita nilisimama kwenye mizani nikasomewa kilo saba. Kilo saba ni aibu, na watu walicheka, lakini kesho yake nilirudi kwa sababu zilikuwa zangu. Je, wewe vijana wako walisomewa kilo ngapi?

Tena unataka wakariri mashamba ya mwaka wa 1958. Mengine yaling'olewa zamani, leo ni mikaratusi, na Sally mwaka huo alikuwa akibebwa mgongoni. Lugha yako si ngumu, ndugu yangu, ila imejaa kumbukumbu zako. Anayetaka kuijua ni lazima kwanza awe Omwenga, na nafasi hiyo ina mtu tayari. Na hata mlipokuwa wawili tu duniani mnaoijua, wewe na Kebaso mligawanyika kwa ajili ya sifuri. Makanisa yetu ya huku nayo hugawanyika, lakini angalau huwa na waumini wa kugawana.

Mahali pamoja hukusema kweli. Unasema unataka wanafunzi. Ungewataka, ungefurahi kusikia kile kicheko. Ulichokitaka ni watu wa kusimama mlangoni wakushangae. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wako alikuja na dawa mkononi, ukairarua mbele ya watu.

Kampuni usiiombe imlazimishe mtu. Omwenga Nne usiitunge, nakukataza. Jumapili hii nenda Silibwet na mama Nyatichi, bebeni sukari na mkate, na kile kitabu kiache nyumbani. Mkishapewa chai, mwambie Sally mbele ya wazazi wake kwamba ulikosea, kwa maneno mafupi hivyo hivyo, usianze kueleza kwa nini. Kisha mwombe aiandike tena ile karatasi, na wewe ukae kando yake uinakili kwa mkono wako. Usimwombe asiende Nairobi. Mtu anaweza kujua lugha mbili. Wewe una Kikisii na Kiswahili, na Kipsigis cha sokoni, na hakuna iliyoifukuza nyingine.

Ukirudi, waite wale vijana wawili, uwaombe radhi nao, uwape ile karatasi na ukae kimya wakifanya kazi mbele ya Bwana Kipyegon kabla ya tarehe 31. Mashini yako uifundishe kutaja kadi iliyokosewa. Kebaso mpe sifuri yake, mpatane, utamhitaji.

Hayo yote yanaanza na neno moja, nimekosa. Kama neno hilo litakushinda kulisema kwa msichana wa miaka ishirini na mbili, basi Jumatatu akishaondoka usiniandikie mimi tena kwa Kiswahili. Andika kwa Omwenga Pili, uone nani atakujibu.

Mama Marcella