Hatua za Karasha

Baba Loveness,

Ugali uko kwenye hotipoti, mlenda kwenye bakuli. ~~Chumvi iko kabatini.~~ Chumvi nimeondoka nayo.

Wiki ya tatu hii unaongoza mashindano ya kutembea ya wagonjwa wa presha. Kila jioni simu yako inaonyesha hatua elfu kumi na nne, nesi anakupigia makofi kwenye grupu la zahanati, na raba za mshindi umeshazijaribu miguuni. Lakini presha yenyewe haishuki, na viatu vinarudi visafi kama vya bwana harusi. Nani anaizunguka Runzewe nzima bila kushika vumbi? Nikajua tu, kuna mwanamke anakupangusia viatu.

Leo asubuhi nikakufuata mpaka kazini. Nimekukuta umekaa kwenye benchi unakula chapati, mgongo umenipa mimi. Simu umeifunga kwa mpira kwenye karasha! Mashine inasaga mawe ya watu huku inakutikisia hatua zako. Nikaifungua taratibu, nikaondoka nayo, wala hukugeuka.

Heri angekuwa mwanamke, Baba Loveness. Mwanamke ningemfukuza. Kiharusi nitakifukuzaje?

Mbuzi wape maji. Dawa yako ya mchana iko chini ya kikombe, meza, usiitazame.

Simu iko kwa dada Justa, nami niko huko huko. Ifuate kwa miguu. Ukipanda bodaboda nitajua tu, maana nitakupokea mlangoni na cha kwanza nitakagua viatu.

Mama Loveness