Kwa Baba Hugues, Aliyejua Munkoyo ya Kweli

Mwaka mumoja umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ya mwezi wa kumi, ulipoomba maji, ukanywa nusu ya kikombe, ukatuacha. Tulikuzika hapa Nchelenge, mbali na Pweto ulikozaliwa, na watu waliokuja kwenye musiba walikuwa wengi mpaka pasta mugeni akauliza kama marehemu alikuwa chefu wa kijiji. Hapana, pasta. Alikuwa mupishi wa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi.

Wasiokujua wasikie. Tulipovuka kutoka Kongo kuja huku Zambia, wamama wa soko la Kashikishi walikucheka vibaya sana. Mwanamume kupika munkoyo! Walikuuliza, "Ba Hugues, bibi yako iko mugonjwa?" Wewe ukawajibu bila kuinua kichwa, "Bibi yangu iko muzima, anauza samaki wadogo wa chisense. Mimi njo najua mizizi." Ukaendelea kuiponda kwenye kinu chako mpaka nyuzi zikawa laini. Haukupita mwaka, wale wale waliocheka walikuwa wa kwanza kupanga mustari, kila mumoja na kikombe chake.

Kupika uji wa mahindi si kazi, hata mutoto anaweza. Kazi ni kuupooza, kuutia ule muzizi uliopondwa, na asubuhi kukuta uji muzito umelegea, umekuwa kinywaji chepesi na kitamu bila hata kijiko cha sukari. Hiyo inataka muzizi wenyewe. Na muzizi wenyewe, ulisema kila siku mpaka tukachoka, una ndugu wabaya porini wanaofanana naye uso. Ndiyo maana hukununua muzizi wa mutu hata mara moja kama hukuona majani yake. "Majani kwanza, muzizi nyuma." Sheria yako ilikuwa hiyo.

Ulijua na mengine. Ulijua gome la kusokota kamba, majani ya kufunikia samaki safarini, na mboga za porini zinazookoa nyumba mwezi wa pili ghala likiwa tupu. Buba uliijua pia, ile miti ambayo majani yake yakitwangwa na kutiwa majini samaki wote wanaelea, wakubwa na vitoto vyao. Wavuvi fulani walikuja kukubembeleza uwaonyeshe inakoota. Uliwafukuza na fagio. Muke wako Mama Pierrette anacheka hadi leo akikumbuka vile walivyokimbia.

Yolande, mutoto wako wa mwisho, ulimupeleka porini tangu akiwa mudogo, na alipokua akaanza kukufuata na simu mukononi. "Yolande, nimesema nini?" "Majani kwanza, muzizi nyuma, Baba." "Na tena?" "Na tena nimechoka." Ulicheka, wewe ambaye mutu mwingine akikujibu hivyo angeona cha moto. Ulipofariki, kaka zake walikuwa na kazi zao, na meza yako ya sokoni akaishika yeye. Hatukumuomba. Aliamka Jumatatu, akaosha mapipa. Lakini alikuwa na woga mumoja ambao alimuambia mama yake tu: kwamba ulimufundisha nusu, na nusu nyingine umeenda nayo.

Baba, sasa sikia mambo ya mwezi wa sita.

Elliot, yule muvuvi mwenye mitumbwi mitatu, alikuwa anamuoza binti yake Misozi. Akaagiza munkoyo ya watu mia mbili. Wewe ulikuwa na desturi ya kufunga kamba ya gome kwenye kila mumea wakati wa mvua, majani yakingali mabichi, ili wakati wa baridi uchimbe bila kubahatisha. Yolande alienda kutafuta kamba zako zilizobaki, akakuta moto wa porini umepita. Majivu tu. Siku mbili kabla ya ndoa akaja Royd, kijana anayeuza vitu vya porini kwa baiskeli, na mufuko wa mizizi iliyoparuliwa vizuri, safi, haina hata jani moja.

"Majani iko wapi?" Yolande akamuuliza.

"Mwezi wa sita, dada! Majani itatoka wapi? Yote imekauka."

Na ilikuwa kweli, majani mengi yalikuwa yamekauka. Hapo ndipo alipokosea, Baba. Aliichukua. Hatukufichi.

Ijumaa jioni akatia mizizi kwenye mapipa manne. Jumamosi alfajiri akafunua, na uji ulikuwa muzito vile vile ulivyokuwa jana. Mama Pierrette (yeye mwenyewe ameturuhusu kuandika hili) akasema, "Iko baridi tu. Hata baba yako, baridi ilikuwa inamuchelewesha. Tia maji, tia sukari, bakunywe."

Na baridi kweli ilikuwa inakuchelewesha, tunakumbuka wote. Yolande akavuta nyuzi za muzizi, akanusa, akazitazama kwenye mwanga. Hakukuota, Baba, wala hakusikia sauti yako, tusidanganye watu. Alisimama pale na sweta ya shule ya zamani, mikono imejaa uji, na hakujua.

"Mama, sijui," akasema. "Inaweza kuwa baridi. Inaweza kuwa muzizi mubaya. Mi sijui. Na kama sijui, bale batu mia mbili basikunywe."

Akapindua pipa la kwanza. Mama akapiga kelele, "Wee mutoto! Yolande! Unataka kutuua na haya?" Akapindua la pili. Alipomaliza la nne akaleta jembe, akafukia yote ili kuku wasile, akanawa, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Elliot, ambako wageni walikuwa wameanza kufika.

Elliot aliitazama mikono yake mitupu. "Munkoyo iko wapi?"

"Nimeimwaga."

"Imemwagika?"

"Hapana. Nimeimwaga mimi."

"Awe mwandi! Hapana, jamani! Leo? Siku ya mutoto wangu?" Elliot akamunyooshea kidole. "Baba yako hangenifanya hivi."

Yolande alirudi akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya kukuzika. Maneno yale yalimuchoma, Baba, juu yalikuwa yanagusa woga wake wenyewe. Wiki nzima meza ilikaa bila wateja. Wamama walipita wakinong'ona kwamba mwenye munkoyo amekufa na munkoyo yake. Hata sisi, tukuambie ukweli, kuna waliomulaumu kichinichini. Yeye akachukua jembe, akashuka kule bondeni ambako moto haukufika na majani machache yalikuwa bado mabichi, akachimba muzizi kidogo kidogo, kila muzizi na majani yake, akafukia mashimo vile unavyotaka.

Alhamisi ikafika habari kutoka Mununga. Kuna nyumba ilinunua mizizi ya mufuko ule ule wa Royd. Watu watano walitapika usiku na muchana, bibi mumoja akapelekwa kliniki kwa baiskeli. Wote walipona, Mungu asifiwe. Royd mwenyewe alikuja kwetu, akakaa chini kabla ya kuambiwa akae, akasema, "Nilizania ni yenyewe." Mama Pierrette alikuwa anamutazama Yolande.

Jumamosi Elliot akaja sokoni na muke wake Chomba, saa ile soko limejaa. Akasimama mbele ya meza, na kwa Kiswahili chake kile cha kuuzia samaki, akaongea kwa sauti ili wote wasikie. "Yolande. Nilisema baba yako hangenifanya vile. Iko kweli. Yeye angejua kwa macho. Wewe hukujua, na ulimwaga. Watu wangu mia mbili iko wazima." Akanyoosha kikombe. "Nipe."

Alikunywa viwili. Chomba alikunywa vitatu, akabeba na ndoo nzima ya kupeleka nyumbani.

Basi, Baba, kuna jambo moja tumeona tukuambie sisi wenyewe, usilisikie kwa wengine. Hata miezi mingi baada ya kukuzika, watu pale walikuwa bado wanasema, "Twende kwa Ba Hugues." Siku hizi hawasemi hivyo tena. Wanasema, "Twende kwa Yolande." Kuna wateja wapya ambao hata hawajui kama ulikuwako. Jina lako linapotea pale sokoni, na sisi tunatembea Kashikishi kifua mbele.

Tunaokukumbuka: muke wako Mama Pierrette, watoto wako Apollinaire, Méschac na Yolande, dada yako Cadette aliyebaki Pweto, wakwe na wajukuu, na rafiki yako Jairos, ambaye bado anakulilia kila akishika jembe.

Soko likusahau, ni sawa. Sisi wa nyumbani, hata siku moja.