Jino la Mnyanyua Kinu

Shikamoo Bibi Apolinaria, nakuandikia huku mkono mmoja umeshika shavu, naomba unisaidie na jina langu ulifiche, mimi ni mcheza ngoma wa huku Choma na kazi yangu katika kundi ni kunyanyua kinu kwa meno, watu wakishavuna wanatoka mbali kuja kunitazama, sasa majuzi nikiwa mazoezini kinu kiliniponyoka kikapasua jino la chonge, nikanyamaza nikijua litapoa, kumbe ndani linaoza, shavu limevimba mpaka jicho limekuwa dogo, nimepaka asali kwa kuwa kwetu hakuna kidonda kinachoishinda asali, nikaweka tumbako, nikasukutua mafuta ya taa, wapi, mhunzi naye ananiita na koleo lake, na hospitali naogopa kwenda maana ngoma ya mashindano ni Jumapili ijayo na Kashindye, kiongozi wa kundi la pili, akisikia nimeng'olewa jino atanitungia wimbo ambao hata wajukuu zangu watauimba, kwa hiyo nimejifunga kitambaa nawaambia watu nimeumwa na nyuki, anayejua ni mke wangu peke yake, naye badala ya kunihurumia ananiambia, "Ukifia kinu, mimi kesho yake natwangia hicho hicho," ndiye ninayemtuma kwako na barua hii, nakusihi bibi nipe dawa ya kulishikiza jino mpaka Jumapili ipite.

Mwenye Shavu, Choma

*

Marahaba. Jina nimelificha kama ulivyotaka, ingawa sijui hapo Choma ni nani mwingine ananyanyua kinu kwa meno.

Mkeo kafika kwangu Ng'ambo, vumbi mpaka kwenye kope. Kapanda lori, kapita mbele ya hospitali ya Kitete na barua ya jino mkononi, na jino lenyewe umebaki nalo nyumbani. Mimi shule niliishia kwenye katekisimu, lakini kosa naliona: lori lililombeba yeye lingekubeba wewe. Nimemlisha, nimemrudisha siku hiyo hiyo na majibu. Gazetini nayaweka kwa ajili ya wenzako wenye akili kama yako.

Pole, lakini. Nimezaa mapacha, na bado jino naliogopa zaidi. Sasa sikiliza.

Asali acha. Inafaa kidonda cha mguu. Jino lililopasuka unalitia utamu ili lizidi kuoza. Tumbako tema. Mafuta ya taa yarudishe kwenye taa. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi, usukutue na kutema, na urudie kila ukishakula. Karafuu nimempa mkeo: twanga, weka kwenye jino kwa pamba, maumivu yatapungua. Hicho kitambaa unachodanganyia watu kiloweshe maji ya mtungi, ukikandie shavu kwa nje. Kitu cha moto usiweke. Aspirini ukiipata imeze, usiibandike kwenye ufizi, itakuunguza. Uvimbe usiutoboe. Na mhunzi abaki na majembe yake.

Umenielewa lakini? Hayo yote ni ya kukufikisha Kitete, si ya kukufikisha Jumapili. Chini ya jino kuna usaha, nao unatafuta pa kupita. Uvimbe ukishuka shingoni, ukishindwa kumeza mate, mdomo ukikataa kufunguka au pumzi ikibana, hata lori usingoje. Wanaume wa kundi lako wanaokupigia makofi wakubebe kwa machela mpaka kwa daktari aliye karibu.

Tena huyo Kashindye wako. Wimbo atatunga tu, ndiyo kazi yake: ukienda hospitali atatunga, usipokwenda atatunga. Ukienda, utausikia umesimama uwanjani na pengo lako, umjibu mpaka akome. Usipokwenda, watauimba wakitoka kukuzika, na wa kumjibu hayupo.

Panda lori. Mkeo apande wa mwisho, akuzibie njia ya kushukia.

Bibi Apolinaria, Ng'ambo