Meno Yako kwenye Bisibisi

Ami Mbarouk,

Shikamoo. Nimeiandika nikangoja kidogo kama ulivyonizoesha, maana marahaba yako siku zote ilichelewa, mpaka umalize kufuta mikono. Naona nangoja bure, basi naendelea.

Nyumbani Jang'ombe ni wazima. Bi Mwanaidi yumo edani, mwezi wa pili huu. Lori lako liko palepale ubavuni mwa nyumba na harufu ya mwani haijalitoka. Wanawake wa Paje wamepata gari jingine la kubebea magunia yao, ila kila wakiniona wananiuliza lako litarudi lini. Betri niliichomoa siku ya tatu baada ya maziko, nikaiweka kwangu isije ikafa. Hilo la betri usilisahau.

Wiki iliyopita Bi Mwanaidi aliniita. Nilisimama nje ya mlango, yeye ndani, pazia kati yetu. Akasema, "Makame, gari la mzee linagonga. Kila ikisha alasiri. Nlidhani watoto, nkamtuma mtu akatazame. Hakuna mtoto." Nikamwambia ni bati linapoa jua likipungua. Akaniambia kwa upole kwamba ameishi na fundi miaka arubaini, bati analijua.

Nikazunguka hadi kwenye lori, nikainua boneti. Hapakuwa na upepo. Nilikuwa na bisibisi yako ndefu, ile ya kusikilizia injini. Siku ya kwanza gereji ulinifundisha hivyo: ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio, mashine itakwambia inapouma. Masikio yako yalipoanza kupungua ukawa unaung'ata mpini, ukidai sauti inapita kwenye mfupa. Tulikucheka gereji nzima. Mpini bado una alama za meno yako, na kwenye lile pengo lako hakuna alama.

Niliiweka ncha juu ya kifuniko cha vali, nikang'ata palepale ulipokuwa uking'ata wewe.

Tak. Kimya. Tak. Kimya. Ulikuwa mlio wa tapeti, kile kisukuma vali, iliyolegea, injini ikiwa haijakanyagwa mafuta. Unakwenda nusu ya mwendo wa injini, wala hauchanganyiki na ule mlio wa haraka wa chini ya injini. Hayo umenifundisha wewe. Lakini injini ilikuwa baridi, Ami. Betri ilikuwa chini ya kitanda changu.

Sikukimbia, ila sikumbuki nilivyofika barabarani.

Sasa nikwambie usiyoyajua. Au pengine unayajua, mimi sijui huko mnajua nini. Unaikumbuka Ijumaa ile tulipopima tapeti za lori lako? Nilikuwa nimefika silinda ya nne, vali ya kutolea moshi. Nafasi nimeshaipima, skrubu iko sawa, imebaki kukaza nati inayoishika skrubu isilegee. Adhana ikatoka. Wewe ulikuwa na udhu wako na kanzu yako, umesimama unanihimiza, maana kwako gari kumchelewesha mtu sala ya Ijumaa ilikuwa aibu. Nikaikaza nati kwa vidole, nikasema nitaimaliza nikirudi. Baada ya sala tukakaribishwa pilau kwa jirani, nikarudi nimeshiba, nikafunga kifuniko. Ukaniuliza, "Nati zote ushakaza?" Nikajibu, "Naam, zote." Wakati ule sikujua kuwa nasema uongo.

Nilijua wiki kadhaa baadaye, njia ya Paje, ulipopunguza mwendo ukainamisha kichwa. "Ya nne inalia," ukasema. Nami niliisikia. Niliisikia vizuri, na papo hapo nikaikumbuka nati. Nikakwambia sisikii kitu. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikingoja uniite fundi, na mwezi uleule ndio ulikuwa umeniita, mbele za watu. Sababu yenyewe ndiyo hiyo, na naona haya kuiandika.

Ulipotaka kufungua kifuniko, nikakwambia nimeshafungua asubuhi, zote ziko sawa. Huo ulikuwa uongo wa makusudi. Kisha nikaongeza neno ambalo hadi leo linanikaa kooni: "Ni masikio tu, Ami. Umri."

Nilipanga kuikaza kwa siri ukiondoka. Hukuondoka. Ulilisimamisha lori, ukasema gari usilolisikia sawasawa huliingizi barabarani. Kila baada ya alasiri ukaweka kiti ubavuni mwake, ukaliwasha, ukang'ata mpini, ukasikiliza, ukalizima, ukatikisa kichwa. Ulikuwa ukijipima mwenyewe, na kila siku ukijiona umeshindwa. Mwisho ukanikabidhi bisibisi. "Chukua. Mimi nshakwisha." Nikaipokea. Nikasema ahsante.

Siku ya tisa tangu ulisimamishe lori, ulijinyoosha baada ya alasiri na hukuamka.

Kabla ya kukusalia, kaka yako alisimama akasema kama inavyosemwa: mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, au amsamehe. Watu wakasema tumesamehe. Nami nikasema, kwa sauti kuliko wote. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeshika haki ya marehemu.

Juzi nilirudi na betri. Nilifungua kifuniko, nikaliwasha lori, nikawa nachomeka kibamba chembamba cha kupimia kwenye nafasi ya kila vali, moja baada ya moja, maana kikiijaza ile iliyolegea mlio hukatika, mafuta yakinirukia usoni. Ya kwanza, mlio upo. Ya pili upo, ya tatu upo. Nilipofika ya nne, mlio ukakatika. Nikazima injini. Nati niliizungusha kwa vidole viwili. Nikapima upya, nikakaza kwa spana, nikaliwasha tena na kung'ata mpini. Injini ilikuwa ikinguruma tu, haigongi popote.

Jana nilikwenda kumpa Bi Mwanaidi habari njema. Sauti yake ikatoka nyuma ya pazia: "Leo limegonga vilevile."

Hapo ndipo nilipomweleza yote, nimekaa kizingitini nalia, mtu mzima mimi. Hakunitukana. Alisema, "Usiniambie mimi, mwanangu. Nenda kamwambie mwenyewe."

Basi hii barua ni ya kujizoeza tu. Kesho ni Ijumaa. Baada ya sala nitakuja kaburini kwako, nikusomee Yasini, kisha haya yote niyaseme kwa mdomo wangu. Kaka yako nimemwomba awepo asikie, na gereji nitawaambia jioni hiyohiyo, hata wakiacha kuniita fundi. Halafu, wanaotaka kunitazama wanitazame, nitaichomeka bisibisi kwenye mchanga upande wa kichwa chako na kuung'ata mpini. Ukinyamaza, nitashukuru. Ukigonga, nitarudi Ijumaa nyingine, na nyingine tena, nianze upya tangu ile adhana. Nakuahidi.

Mungu akulaze pema, Ami. Ulisikia sawa.

Makame