Chumba Kisicho na Mlango

Nakuru

Dada yangu mpendwa Wangari,

Nakuomba kwanza, ukimaliza kusoma uichome barua hii jikoni, na Mama umwambie tu kwamba sijambo. Magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Na wewe, bado unafundisha? Huyu anayekuletea barua anapakia makaa kwenye garimoshi. Mwamini.

Uliniuliza kwa nini sihami, ikiwa kodi si ya haki. Nihamie wapi? Nyumba za baraza la mji hupewa aliyeombewa na bwana wake wa kazi, na wangu hataki kusikia. Kwa hiyo niko bado kwa Mzee Gathogo, mwenye vyumba vya mabati hapa ploti.

Mwezi uliopita alipandisha kodi. Jirani yangu Nyambura, muuza uji, akamwambia mbele yetu, "Mzee, paa lako linavuja kuliko chujio langu la chai. Hiyo nyongeza ni ya maji?" Tulicheka. Hata yeye alicheka. "Mama, una mdomo mtamu," akasema.

Muda si mrefu askari walikuja alfajiri, wakatuchuchumaza uani. Unajua hii Hali ya Hatari ilivyo. Mwenye nyumba hupita na afisa akisema ni nani mpangaji wake. Kwangu alisema, "Huyu ni karani, namjua." Moyo wangu ulimshukuru, Dada, siwezi kukuficha. Kwa Nyambura alitazama pembeni. "Huyu simfahamu vizuri."

Wakampakia kwenye lori na mtoto mgongoni. Sufuria yake ilikuwa motoni. Uji uliungua tukiunusa, na hakuna aliyethubutu kuinuka kuuepua.

Mzee husema alijenga kwa jasho lake, na ni kweli, nimeona mikono yake. Kama ningelipia chumba tu, nisingelalamika. Lakini sasa tunalipia aseme anatujua.

Juzi nilimwomba kwa upole anisubiri hadi mshahara. Akasema, "Karani mzima, na tai shingoni, unalia kama muuza uji?" Nilipotoka kazini nikakuta mlango umeng'olewa. Ati uko kwa fundi. Usiku nasikia kila kiatu kinachopita, nangoja kitakachosimama.

Nisalimie Mama, na Nyanya aliyenilea, na shemeji aliyeko shambani.

Usitume jibu kwa posta, barua zote za ploti hushikwa na Mzee kwanza. Mpe huyu wa makaa, ataniletea ofisini. Baba Mdogo akipata pasi ya kuja, asitaje jina langu kwa mtu yeyote. Apite nyuma ya duka la mkaa, atafute blanketi ya Mama yenye ukingo mwekundu. Nimeitundika mahali pa mlango, na hata mlango ukirudishwa nitaiacha hapo juu yake. Akiiona, aingie bila hodi. Wakija kunichukua nitaivuta ianguke. Akikuta mlango mtupu, bila blanketi, asibishe hodi. Ageuke arudi nyumbani, asiulize nilikopelekwa.

Mdogo wako,
Mwangi