Mama na Shangazi kwenye Jiko Moja

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaikum. Huku sote tu wazima, na mamako ameanza tena kushona. Umeniuliza kama wewe na dadako mtavumiliana mkihamia nyumba ya chumba kimoja ili mpunguze umeme wa kupashia nyumba joto huko kwenye baridi.

Miaka ya sitini, nilipokuwa msichana, tulikaa nyumba ya ghorofa mtaa wa Ndia Kuu. Mama alipika chini. Shangazi, dadake baba, alipika juu kwa jiko lake, kwani yeye na mama walikuwa hawasemezani. Mwaka mzima nilipanda na kushuka ngazi nikiwapelekea maneno.

Makaa na mafuta ya taa yalipoadimika, baba alifunga ghorofa ya juu. "Jiko litakuwa moja," akasema.

Shangazi alishuka na mkeka wake, akakaa akimpa mama mgongo. Siku ya tatu mama alikuwa akipika samaki wa nazi, shangazi akageuka ghafla.

"Wifi, tui litakatika hilo! Koroga!"

"Basi njoo ukoroge wewe," mama akajibu, akampa upawa.

Shangazi akakoroga. Hawakuacha kugombana, ila sasa waligombana ana kwa ana, na miguu yangu ikapumzika.

Makaa yalipopatikana tena, baba alitaka kumfungulia shangazi kule juu. Akakataa.

"Huko nikagombane na nani?" akauliza, akaendelea kukuna nazi.

Hamieni, mjukuu wangu. Nikija tutabanana.

Bibi yako,
Mwanaisha